Kupoteza Kazi ya Teknolojia Ukiwa Mgeni Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Wakati Uchumi Unapodorora

Maswali haya yanawahusu hasa wahandisi wa programu, wachambuzi wa data, wasimamizi wa mifumo na wataalamu wengine wa teknolojia wanaofanya kazi Marekani kwa H-1B, yaani viza ya muda ya kazi za kitaalamu, pamoja na familia zao na wahitimu wanaosubiri kuipata. Majibu yanaeleza kanuni za jumla. Shauri la mtu mmoja lina vipengele vyake, na anayefaa kulipima ni wakili wa uhamiaji uliyemtafuta mwenyewe, kwa sababu wakili wa kampuni, hata awe mwema kiasi gani, hulinda kwanza maslahi ya kampuni inayomlipa.

Kwa nini mdororo wa uchumi humtikisa mfanyakazi mhamiaji kuliko mwenzake aliye raia?

Raia anayeachishwa kazi hupoteza mshahara. Mhamiaji hupoteza mshahara na, pamoja nao, msingi wa kisheria wa kuwapo nchini, kwa kuwa idhini ya H-1B haimfuati mtu popote aendako: huombwa na mwajiri fulani, kwa kazi fulani, kwa ajili ya mtu fulani. Ajira ikikatika, bima ya afya, mkataba wa nyumba, shule ya watoto na foleni ya kadi ya ukaaji wa kudumu vyote huanza kuyumba kwa wakati mmoja.

Zaidi ya hapo, wahamiaji wengi huajiriwa na kampuni za ushauri zinazowapeleka kufanya kazi kwa wateja. Mteja anapobana matumizi, mikataba ya nje ndiyo hukatwa kwanza, kwa kuwa kuikata hakumlazimu kumfukuza mfanyakazi wake hata mmoja. Na wakati huohuo kampuni nyingine, zikiona soko limejaa wataalamu wasio na kazi, hupunguza hamu ya kugharimia ombi la mgeni. Mlango unaomtoa mtu hufunguka wakati ule ule ambapo ule wa kumpokea unafungwa.

Je, hali hii ni ngeni?

Hapana. Viza ya H-1B kwa sura yake ya sasa ilitokana na Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990, iliyoweka kikomo cha watu 65,000 kwa mwaka. Wakati wa kushamiri kwa kampuni za intaneti, kikomo kilipandishwa hadi 115,000, na kisha sheria iliyopitishwa Oktoba 2000 ikakifikisha 195,000 kwa miaka ya fedha 2001 hadi 2003. Kwa bahati mbaya, kilele cha soko kilikuwa kimeshapita: faharasa ya NASDAQ, iliyofunga juu ya pointi 5,000 tarehe 10 Machi 2000, iliporomoka kwa zaidi ya robo tatu kufikia Oktoba 2002. Maelfu ya watu waliitwa kwa haraka na kisha wakaachwa kwa haraka, wakati ambapo sheria haikuwa imewapa hata siku moja ya kutafuta kazi nyingine baada ya kuachishwa. Kikomo kilirudi 65,000 katika mwaka wa fedha 2004, na baadaye zikaongezwa nafasi 20,000 kwa wenye shahada ya uzamili au zaidi kutoka vyuo vya Marekani.

Mwaka 2009, baada ya benki kuokolewa kwa fedha za umma, Bunge liliweka masharti ya ziada kwa taasisi zilizopokea fedha hizo ambazo zilitaka kuajiri wenye H-1B, masharti yaliyodumu miaka miwili. Wimbi lililofuata lilianza mwaka 2022, pale Benki Kuu ya Marekani ilipopandisha riba kutoka karibu na sifuri mwezi Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 kufikia Julai 2023. Kampuni zilizokuwa zimeajiri kwa pupa wakati wa UVIKO-19 zikageuka: Meta ilitangaza kupunguza watu 11,000 mwezi Novemba 2022, na Januari 2023 pekee Amazon ilitaja zaidi ya 18,000, Alphabet 12,000 na Microsoft 10,000. Miongoni mwao walikuwamo wageni wengi walioanza kuhesabu siku tangu asubuhi hiyo.

Nimepokea barua ya kuachishwa. Nina siku ngapi, na zinahesabiwa kuanzia lini?

Kanuni iliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 2017 inatoa kipindi cha neema cha hadi siku 60 mfululizo, au hadi tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye rekodi yako ya kuingia nchini, yaani I-94, ikiwa tarehe hiyo iko karibu zaidi. Wengi huisahau sehemu hii ya pili. Mtu ambaye I-94 yake inaisha baada ya siku 20 ana siku 20, wala si 60. Wikiendi na sikukuu huhesabiwa.

Hesabu huanza siku inayofuata baada ya ajira kukoma, na idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, kwa kawaida huitambua siku ya kukoma kwa kutazama siku ya mwisho ambayo mshahara ulilipwa kwa ajili yake. Kwa hiyo iangalie barua yako kwa makini. Sheria ya shirikisho iitwayo WARN huwataka waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi kutoa notisi ya siku 60 kabla ya upunguzaji mkubwa, na baadhi ya kampuni humwacha mtu kwenye orodha ya mishahara muda huo wote bila kumtaka afanye kazi. Muda huo ni wa thamani kubwa kwa mgeni, ijapokuwa ni busara kumuuliza wakili namna unavyotazamwa katika shauri lako. Malipo ya mkupuo baada ya ajira kukoma ni jambo tofauti: yanasaidia mfukoni lakini hayaongezi hata siku moja ya ukaaji.

Je, naweza kuomba kampuni isogeze mbele tarehe yangu ya mwisho?

Unaweza, na ninasisitiza uombe. Mameneja wengi hawajui kabisa kwamba tarehe moja kwenye jedwali lao ina uzito huu, na ombi la maandishi, lenye adabu na linaloeleza sababu kwa ufupi, wakati mwingine hukubaliwa kwa kuwa mwajiri anaweza kugawanya upya fedha zile zile: mkupuo upungue, wiki za kuwa kwenye orodha ya mishahara ziongezeke. Anayenyamaza kwa aibu hupoteza nafasi ambayo haikuwa na gharama.

Nikipata mwajiri mpya, ni lazima nisubiri idhini ndipo nianze kazi?

Sheria ile ya Oktoba 2000 iliacha zawadi moja ambayo bado inatumika: mwenye H-1B anaweza kuanza kazi kwa mwajiri mpya mara ombi jipya linapowasilishwa kihalali, bila kusubiri uamuzi. Bahati nasibu, inayotumika kuchagua waombaji maombi yanapozidi kikomo cha mwaka, pia hairudiwi kwa mtu ambaye tayari alihesabiwa ndani ya kikomo na bado ana muda katika miaka yake sita, ambayo ndiyo muda wa juu wa kawaida wa H-1B. Sharti ni kwamba ombi lifike USCIS kabla ya kipindi cha neema kwisha. Barua ya ahadi ya kazi peke yake haitoshi, na hata usaili uliofaulu siku ya 58 hautoshi, kwa kuwa kabla ya ombi hilo mwajiri anapaswa kuwa na cheti cha masharti ya kazi kutoka Wizara ya Kazi, ambacho kwa kawaida huchukua siku saba za kazi. Ondoa basi wiki mbili au zaidi katika zile 60, na hapo ndipo utaona ufinyu wa muda halisi wa kutafuta kazi, hasa katika tasnia ambayo usaili hupita raundi nne au tano.

Nisipopata mwajiri kwa wakati, ninaweza kubaki kwa njia nyingine?

Zipo njia, na kila moja ina bei yake. Mwenye mwenzi aliye na H-1B anaweza kuomba kubadilishwa kuwa tegemezi wa H-4. Mwingine anaweza kurudi darasani kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, mradi masomo yawe ya kweli na ada ipatikane. Njia inayotumiwa sana ni kuomba kubadilishwa kuwa mgeni mtembezi wa B-2 kabla ya siku 60 kwisha. USCIS imeeleza wazi kwamba kutafuta kazi na kuhudhuria usaili kunaruhusiwa ukiwa na hadhi hiyo, lakini kufanya kazi hakuruhusiwi hata kidogo.

Tatizo la B-2 hujitokeza baadaye. Ukishavuka kipindi cha neema ukiwa unasubiri jibu, ule uhuru wa kuanza kazi mara ombi jipya linapowasilishwa unakwisha, na utalazimika kungoja mwajiri mpya aidhinishwe kwanza. Mwajiri mwenye haraka huenda asivumilie, ingawa malipo ya huduma ya haraka hupunguza kusubiri.

Njia ambayo haistahili kujaribiwa ni kukaa kimya ukitumaini hakuna atakayegundua. Mtu anayejikusanyia zaidi ya siku 180 za kuwapo kinyume cha sheria na kisha kuondoka anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka mitatu. Akifikisha mwaka mmoja au zaidi, miaka kumi. Si haki kwa mtu kuuharibu mustakabali wake wote kwa sababu ya miezi michache ya hofu.

Kampuni yangu ya ushauri inasema haina mteja kwa sasa, kwa hiyo nikae benchi bila mshahara. Je, ni halali?

Si halali. Tangu sheria ya mwaka 1998, mwajiri wa H-1B anatakiwa kulipa mshahara uliotajwa kwenye cheti cha Wizara ya Kazi hata pale kazi inapokosekana kwa sababu zinazotokana na yeye, na ukosefu wa mteja ni mojawapo. Wajibu huo hukoma anapositisha ajira kikamilifu, yaani anapokuarifu wewe, anapoiarifu USCIS, na anapojitolea kugharimia usafiri wako wa kurudi.

Desturi ya benchi huumiza mara mbili. Mtu hukosa fedha, na baadaye anapoombewa kazi na mwajiri mwingine, hukosa stakabadhi za mishahara za kuonyesha kwamba aliitunza hadhi yake. Malalamiko hupelekwa kwenye kitengo cha mishahara na saa za kazi cha Wizara ya Kazi ndani ya miezi 12 tangu ukiukaji, kwa fomu iitwayo WH-4, na sheria inakataza mwajiri kulipiza kisasi. Najua kwamba wengi hawathubutu, na siwalaumu, kwa kuwa mtu analalamika dhidi ya yule yule anayeshikilia makaratasi yake. Hata hivyo, hifadhi ujumbe wote ulioandikiwa, kwa kuwa siku ya kuthubutu inaweza kuja ukiwa tayari umehamia kwingine.

Je, mwajiri ananidai gharama za viza nikiondoka, au ananidai mimi nauli ya kurudi?

Mwajiri anayekuachisha kabla ya muda ulioidhinishwa kwisha ndiye anayewajibika kulipa gharama za kadiri za usafiri wako kurudi nchi uliyokuwa ukiishi. Wajibu huu haugusi familia yako, wala haupo ukiacha kazi kwa hiari yako. Ada za ombi la H-1B na za wakili wa kampuni ni gharama za biashara za mwajiri, na hawezi kuzikata kwenye mshahara wako kwa namna inayokushusha chini ya kiwango kinachotakiwa. Kifungu cha mkataba kinachotaja faini kwa anayeacha kazi mapema kionyeshe wakili kabla ya kuogopa, kwa kuwa sheria inatofautisha adhabu na fidia halisi, na adhabu hairuhusiwi.

Nisaini hati ya mkono wa kwaheri, yaani makubaliano ya malipo ya kuachishwa, siku hiyo hiyo?

Hapana. Hati hiyo kwa kawaida inanunua haki yako ya kushtaki, na aliyeiandika hana haraka kama unavyofikiri. Wafanyakazi wenye umri wa miaka 40 au zaidi wana siku 45 kisheria za kuitafakari inapohusu upunguzaji wa kundi, na siku saba za kutengua baada ya kusaini. Mwenye umri mdogo zaidi hana kinga hiyo ya siku, lakini anaweza kuomba muda, na ndani ya muda huo aombe pia tarehe ya mwisho inayomfaa na barua ya kuthibitisha kazi aliyofanya.

Nimesubiri kadi ya ukaaji wa kudumu kwa miaka. Foleni yangu inapotea?

Hili ndilo swali linalowakosesha watu usingizi kuliko jingine lolote. Kadi zinazotokana na ajira ni takriban 140,000 kwa mwaka, zikiwamo za wenzi na watoto, na kwa kanuni ya jumla watu waliozaliwa nchi moja hawapaswi kupita asilimia saba. Kwa waliozaliwa India, ambao ndio zaidi ya saba katika kila kumi ya maombi ya H-1B yanayoidhinishwa, kusubiri kunapita muongo mmoja kwa urahisi.

Jibu linategemea ulikofika. Ikiwa mwajiri alikuwa bado kwenye hatua ya kupima soko la ajira, yaani kuonyesha kwamba hakupata mfanyakazi wa Marekani anayefaa, kazi hiyo yote huishia hapo, na mwajiri mpya ataanza upya. Ikiwa ombi la I-140, ambalo mwajiri hulipeleka USCIS kwa ajili ya kadi yako, limeshaidhinishwa, tarehe yako ya kipaumbele, yaani nafasi yako kwenye foleni, ni yako, na utaibeba hadi kwa mwajiri mwingine hata kama atakayefuata ataanzisha ombi jipya. Siku 180 zikishapita tangu idhini, hata mwajiri wa zamani akiondoa ombi lake, idhini hiyo bado inakuwezesha kuongezewa H-1B zaidi ya miaka sita. Na ikiwa ombi lako la mwisho, I-485, limekaa siku 180 au zaidi, unaweza kuhamia kazi ya aina hiyo hiyo au inayofanana bila kuanza upya.

Kuna ugumu mwingine ambao haumgusi aliyeachishwa peke yake. Kampuni iliyopunguza watu katika kazi fulani ndani ya miezi sita iliyopita inapaswa kuwaarifu na kuwafikiria watu hao kwanza inapopima soko kwa ajili ya mgeni katika kazi hiyo hiyo au inayohusiana nayo, ndani ya eneo lile lile. Kampuni nyingi huona ni rahisi kusitisha maombi yote. Mhamiaji aliyenusurika kwenye orodha ya leo anaweza kubaki na kazi huku foleni yake ikiwa haijaanza, na saa ya miaka sita ikiendelea kutembea.

Mwenzi wangu na watoto wana hadhi ya H-4. Itakuwaje kwao?

Hadhi yao imeegemea yako, na kipindi cha neema ni chao pia. Tangu Mei 2015, baadhi ya wenzi, hasa wale ambao I-140 ya mwenye viza imeidhinishwa, wameruhusiwa kufanya kazi, lakini ruhusa hiyo inategemea hadhi ya H-4 kuwa hai. Kwa hiyo familia yenye mishahara miwili inaweza kupoteza yote miwili kwa barua moja. Ikiwa mwenzi wako ana sifa za kupata H-1B yake mwenyewe, msiliache jambo hilo kwa sababu tu linaonekana si la lazima wakati mambo ni shwari.

Mimi ni mhitimu ninayefanya kazi kwa kibali cha mafunzo cha OPT. Siku zangu ni zile zile 60?

Hapana. Una siku 90 kwa jumla za kutokuwa na kazi katika mwaka wa kwanza, na zikiongezwa za nyongeza ya miezi 24 kwa fani za sayansi na teknolojia, jumla inakuwa 150 kwa kipindi chote. Siku ulizokaa bila kazi mwanzoni nazo zimo.

Je, nitapata malipo ya ukosefu wa ajira na bima ya afya?

Malipo ya ukosefu wa ajira husimamiwa na kila jimbo, na sharti la kuwa tayari na kuruhusiwa kufanya kazi huwakwamisha wenye H-1B mara nyingi, kwa kuwa hawawezi kumfanyia kazi mwajiri yeyote tu. Uliza jimbo lako. Bima ya afya inaweza kuendelea kwa utaratibu uitwao COBRA, kwa kawaida hadi miezi 18, kwa kampuni zenye watu 20 au zaidi, ila sasa wewe ndiye utakayelipa gharama yote pamoja na asilimia mbili za uendeshaji. Una siku 60 za kuamua.

Nimepewa kazi yenye cheo cha chini na mshahara mdogo. Niikubali?

Mara nyingi nitasema ndiyo, kwa uchungu. Mhandisi mwenye uzoefu wa miaka kumi anayekubali kazi ya mtu wa miaka mitatu hajashindwa katika taaluma yake. Amenunua muda kwa bei aliyowekewa na kalenda. Waajiri wanaijua kalenda hiyo, na baadhi yao huitumia. Ndiyo maana ninaamini kipindi cha neema kirefu zaidi kingewasaidia hata wafanyakazi raia, kwa sababu mtu asiyelazimishwa na tarehe hakubali mshahara unaowashusha wenzake. Hakikisha tu kwamba mshahara haupungui kiwango cha chini cha soko ambacho Wizara ya Kazi inakitaka kwa kazi na eneo hilo, na kwamba kazi yenyewe inahitaji shahada ya fani yako, la sivyo ombi litakataliwa na siku zitakuwa zimekwisha.

Je, nchi nyingine zina utaratibu tofauti?

Uingereza kwa kawaida hupunguza kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi hadi siku 60 baada ya mwajiri kuripoti. Australia ilikuwa na siku 60, na tangu tarehe 1 Julai 2024 imeruhusu hadi siku 180 kwa mkupuo mmoja na 365 kwa kipindi chote cha viza. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2021 kuhusu Kadi ya Bluu linamwezesha mwenye kadi kukaa bila kazi miezi mitatu, na miezi sita akishaishikilia kwa miaka miwili. Muda wa neema, kwa hiyo, ni uamuzi wa kisiasa unaoweza kubadilishwa.

Bado nina kazi, lakini nina wasiwasi. Nijiandae vipi?

Kusanya nakala za makaratasi yako yote na uziweke nje ya kompyuta ya kampuni, kwa kuwa siku ya barua akaunti hufungwa ndani ya dakika chache: notisi za idhini ya H-1B, notisi ya I-140, stakabadhi za mishahara, fomu za kodi, barua za ajira, na maelezo ya majukumu yako. Kama kampuni haikupi nakala ya I-140, pata angalau namba ya ombi. Weka akiba ya miezi kadhaa kabla ya kununua chochote cha mkopo. Mwulize meneja wako sasa, wakati uhusiano ni mzuri, kuhusu kuanza mchakato wa kadi ya ukaaji, kwa kuwa kila hatua inayokamilika leo inahamisha kitu kutoka mikononi mwa mwajiri kuja mikononi mwako.

Nikilazimika kuondoka, je, nimepoteza kila kitu?

Siku zisizotumika katika miaka yako sita hubaki, na mwajiri anaweza kukuombea umalizie bila kupitia bahati nasibu. Muda uliokaa nje ya Marekani haukatwi kwenye miaka hiyo ukiweza kuuthibitisha. Tarehe ya kipaumbele ya I-140 iliyoidhinishwa nayo hukungoja.

Kurudi, hata hivyo, kumekuwa ghali. Tangazo la Rais lililotiwa saini tarehe 19 Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi, kwa miezi 12 kuanzia tarehe 21 Septemba 2025. Mtu anayefikiria kuondoka ili asubiri soko litulie anapaswa kwanza kumuuliza wakili kama kanuni hiyo, au nyingine iliyokuja baada yake, inamhusu siku anayotaka kurudi. Akiamua kuondoka, aondoke kabla ya siku ya 60, na ahifadhi tiketi, kadi ya kupandia ndege na mhuri wa kuingia anakokwenda, kwa kuwa ndivyo vitakavyothibitisha kwamba aliondoka kwa wakati.